Kizimba cha Mvuvi, Dhamana ya Meli

Tarehe 27 Novemba 2000 Jamhuri ya Shelisheli ilipeleka shauri katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg, Ujerumani, ikilalamika kwamba Ufaransa inaizuia meli ya uvuvi iliyosajiliwa chini ya bendera yake. Meli hiyo, Monte Confurco, ilikuwa imekamatwa mapema mwezi huo huo kwenye maji yanayozunguka visiwa vya Kerguelen, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, kwa tuhuma za kuvua bila idhini samaki wa bahari zenye baridi kali, mwenye bei kubwa sokoni. Ilipofikishwa kisiwani Réunion, mahakama ya huko ilidai dhamana ya faranga milioni 56.4 na kumweka nahodha chini ya uangalizi wake. Hukumu ya Hamburg ilisomwa tarehe 18 Desemba: dhamana ishushwe hadi faranga milioni 18, meli iachiwe, na nahodha naye aachiwe. Tangu shauri kufunguliwa hadi hukumu zilipita wiki tatu.

Miaka kumi baadaye, mwezi wa Septemba 2010, wanaume watatu wa jamii za Dwesa-Cwebe, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, walikamatwa wakienda kuvua bila kibali ndani ya hifadhi ya bahari ambayo babu zao walivua kabla haijaitwa hifadhi. Walitiwa hatiani mwaka 2012, wakashindwa katika rufaa ya kwanza, na hawakusafishwa hadi tarehe 1 Juni 2018, Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo ilipoamua kwamba walichofanya hakikuwa kosa tangu mwanzo. Karibu miaka minane ilikuwa imepita.

Nazilinganisha kesi hizi nikijua kwamba hazifanani kwa kila kitu. Hamburg haikuulizwa kama nahodha ana hatia. Iliulizwa tu kama dhamana ni ya kiasi. Mahakama za Afrika Kusini ziliulizwa swali zito zaidi, la kama desturi ya watu inaweza kusimama mbele ya sheria iliyotungwa na Bunge. Hata hivyo, mwendo wa kila shauri unaonyesha ni wapi sheria imeweka haraka yake na ni wapi imeweka subira. Hoja yangu ni kwamba sheria za uvuvi, za kimataifa na za nchi moja moja, zimemjengea mwenye meli mlango wa mbele, zikamwachia mvuvi wa pwani kizimba cha mshtakiwa kuwa mahali pekee pa kuuliza kama ana haki. Ushindi mwingi wa kimahakama unaosherehekewa kwa niaba ya jamii za wavuvi, ukitazamwa kwa karibu, unatuonyesha gharama ya kupitia kizimbani kuliko unavyotuonyesha uimara wa haki yenyewe.

Tuanze na mlango wa mbele. Kifungu cha 73 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinairuhusu nchi ya pwani kupanda, kukagua na kukamata meli za kigeni zinazovunja sheria za uvuvi katika ukanda wake wa kiuchumi, yaani maji yanayoanza pale yanapoishia maji ya kitaifa ya maili 12 na kufika hadi maili 200. Kifungu hicho hicho kinaamuru kwamba meli na mabaharia waachiwe upesi dhamana ya kiasi ikiwekwa, na kwamba adhabu ya kosa la uvuvi katika ukanda huo isiwe kifungo, isipokuwa nchi zinazohusika zimekubaliana vinginevyo. Kifungu cha 292 kinaongeza njia ya kukimbilia Hamburg endapo nchi iliyokamata inasitasita. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kinga hii ina msingi wa utu. Mabaharia wa meli hizi mara nyingi ni vijana maskini walioajiriwa katika bandari za mbali, na kuwafunga jela kwa uchu wa mwenye meli ambaye hajawahi kulowa maji ya chumvi ni uonevu. Sipendekezi kinga hiyo iondolewe.

Ninachouliza ni kwa nini kinga inaanzia maili 12 kutoka ufukweni. Ngalawa, mtumbwi na dau haziendi huko. Anayetega madema, anayevuta mshipi, mwanamke anayechokoa pweza mwambani maji yakitoka, wote hao wako ndani ya maji ya kitaifa, ambako Mkataba hauna neno la kusema kuhusu adhabu, na ambako sheria za nchi zinaruhusu faini, kunyang'anywa chombo na kifungo. Matokeo yake ni ramani ya ajabu ya huruma: kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa na kadiri kinavyovua mbali na nyumbani kwa mwenyewe, ndivyo kinavyokingwa zaidi.

Sasa twende kizimbani. Kanada ndiyo nchi ambayo kesi za namna hii zimejadiliwa kwa kina kuliko pengine popote, na inafaa kuona jinsi zilivyoanza. Tarehe 25 Mei 1984 mvuvi wa jamii ya Musqueam, Ronald Sparrow, alikutwa kwenye mlango wa Mto Fraser, British Columbia, akivua kwa wavu wa kuelea wenye urefu wa pima 45, wakati leseni ya jamii yake iliruhusu pima 25. Hakukana urefu wa wavu. Alisema kwamba mpaka huo wa pima 25 unapingana na kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 1982, kinachotambua na kuthibitisha haki za watu wa asili zilizokuwepo. Mahakama ya Juu ilikubali msingi wa hoja hiyo tarehe 31 Mei 1990, ikatamka kwamba haki haiwi imekufa kwa sababu tu serikali imeiwekea masharti kwa miaka mingi, kwamba serikali inayotaka kuibana ndiyo inayopaswa kujieleza, na kwamba baada ya mahitaji ya kuhifadhi samaki wasiishe, chakula na ibada za watu wa asili vinatangulia biashara na michezo ya watu wengine. Kwa wanasheria hiyo ni nguzo. Kwa Sparrow mwenyewe, baada ya miaka sita, amri ilikuwa kwamba kesi irudishwe ikasikilizwe upya.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 1987 mwanamke wa jamii ya Sto:lo, Dorothy Van der Peet, alishtakiwa kwa kuuza samoni kumi kwa dola 50. Samaki hao walikuwa wamevuliwa kihalali kwa leseni ya chakula. Kosa lilikuwa kuuza. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Agosti 1996 ilitunga kipimo ambacho kimewatesa watu wa asili wa Kanada tangu siku hiyo: ili desturi ihesabike kuwa haki, lazima ithibitishwe kwamba ilikuwa kiungo cha msingi cha utamaduni wa jamii hiyo kabla Wazungu hawajafika. Kuuza samaki, ilisema mahakama, hakukuwa hivyo kwa Wasto:lo. Alishindwa. Samaki kumi walikuwa wamegeuka kuwa mtihani wa historia ya watu wote, na aliyepaswa kuufanya mtihani huo, kwa gharama ya wakili, ya mashahidi wa anthropolojia na ya miaka tisa ya maisha, alikuwa mshtakiwa.

Hapo ndipo ninapoona ubovu wa kizimba kama mahali pa kutafutia haki za jamii. Kesi ya jinai imeundwa kujibu swali dogo: huyu, siku hii, alitenda kosa hili au hakulitenda? Swali la haki ya jamii ni kubwa na lina pande nyingi: nani wanahesabika kuwa wanajamii, mwamba upi ni wao, msimu upi, kwa zana zipi, kwa kiasi gani, na wanapatanaje na jirani mwenye leseni. Hakimu wa jinai anaweza kuhukumu au kuachia huru, lakini hawezi kupanga uvuvi. Anapoachia huru, kesho yake asubuhi hakuna ajuaye kanuni mpya ni ipi.

Kesi ya Donald Marshall ilionyesha jambo hilo kwa gharama ya damu na moto. Marshall alikuwa Mmi'kmaq wa Nova Scotia, mtu ambaye Kanada yote ilimjua kwa sababu alifungwa miaka 11 kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mwezi Agosti 1993 alivua mikunga kwenye ghuba ya Pomquet, akauza ratili 463 kwa dola 787 na senti 10, akashtakiwa kwa kuvua na kuuza bila leseni na kwa kutumia wavu katika msimu uliofungwa. Alijitetea kwa mikataba ya amani ya 1760 na 1761 kati ya watu wake na Mfalme wa Uingereza. Tarehe 17 Septemba 1999 Mahakama ya Juu ilimwachia, kwa majaji watano dhidi ya wawili, ikisema mikataba hiyo iliwapa Wami'kmaq haki ya kuvua na kuuza kwa kiasi cha kupata riziki ya wastani. Riziki ya wastani ni kiasi gani? Hukumu haikutoa takwimu, na isingeweza kuitoa, kwa kuwa kesi ilihusu mikunga ya mtu mmoja. Wiki chache baadaye, huko Burnt Church katika New Brunswick, Wami'kmaq walipotega mitego ya kambakochi, wavuvi wasio wa asili walikwenda kuiharibu kwa wingi, na mapambano yakaendelea kwa misimu kadhaa. Mwezi Novemba mahakama ile ile ililazimika kutoa ufafanuzi kwamba serikali bado ina mamlaka ya kuratibu uvuvi huo. Mwaka 2020, miaka 21 baada ya hukumu, jamii ya Sipekne'katik ilipoanzisha uvuvi wake yenyewe wa kambakochi kwa msingi wa uamuzi huo, ghala lililohifadhi kambakochi wa wavuvi wa Kimi'kmaq lilichomwa moto. Haki ilikuwa imetangazwa bila kupangwa.

Kuna njia nyingine, na Marekani ilijikuta imeifuata, ingawa haikufika huko bila kizimba. Katika jimbo la Washington, Billy Frank wa jamii ya Nisqually alikamatwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 14, mwaka 1945, na kwa hesabu iliyozoeleka alikamatwa zaidi ya mara 50 kwa kuvua samoni kwenye mto wa wazee wake. Mwaka 1970 serikali ya shirikisho, badala ya kungoja mvuvi mwingine apandishwe kizimbani, ilifungua shauri la madai dhidi ya serikali ya jimbo kwa niaba ya makabila. Tarehe 12 Februari 1974 Jaji George Boldt alitafsiri mikataba ya miaka ya 1850, iliyoyapa makabila haki ya kuvua katika maeneo yao ya kawaida kwa ushirika na raia wengine, kuwa na maana ya kugawana nusu kwa nusu samaki wanaoweza kuvunwa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali tafsiri hiyo kwa sehemu kubwa mwaka 1979. Kwangu mimi, uzito wa hukumu hiyo haumo katika ile nusu. Umo katika utaratibu: mahakama ilibaki na mamlaka ya kuendelea kusimamia shauri, na makabila yaliingia katika meza ya usimamizi, yakiwa na wanasayansi wao na kanuni zao. Walioshtakiwa jana walikuwa sasa ni wasimamizi wenza. Kesi ya madai inaweza kufanya hivyo; kesi ya jinai haiwezi.

Turudi Dwesa-Cwebe, maana hapo ndipo Waafrika wa pwani tunapoweza kujifunza zaidi. Jamii hizo zilikuwa zimeondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ili hifadhi ya msitu ianzishwe, na baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka walirudishiwa umiliki wa ardhi mwaka 2001 kwa makubaliano kwamba hifadhi ibaki. Wakati huo huo, bahari iliyo mbele ya ardhi hiyo ilikuwa imetangazwa hifadhi mwaka 2000 chini ya Sheria ya Rasilimali Hai za Bahari ya 1998, ambayo ilikataza kabisa kuvua humo bila kibali. Mtu alirudishiwa shamba na kunyang'anywa maji. Serikali ilijenga hoja kwamba hata kama desturi ya kuvua ilikuwepo, sheria ya 1998 imeifuta. Mahakama ya Rufaa ilijibu kwa kusoma Katiba: sheria za mila ni chanzo huru cha sheria, mahakama zinapaswa kuzitumia pale zinapohusika, na zinaweza kufutwa tu na sheria ya Bunge inayoshughulikia mila hizo mahsusi. Sheria ya uvuvi isiyotaja mila haiwezi kuua mila kwa kuinyamazia.

Huo ndio uamuzi ambao ningependa kila ofisa uvuvi wa Afrika Mashariki ausome. Sheria zetu nyingi za uvuvi zilirithi dhana ya kikoloni kwamba bahari ni ya serikali na mvuvi ni mwenye leseni tu, mtu aliyekaribishwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 62, inaorodhesha ardhi iliyo kati ya upeo wa maji kujaa na upeo wa maji kupwa, maji ya kitaifa na sakafu ya bahari kuwa mali ya umma, na ibara ya 63 inayolinda ardhi ya jamii haiutaji mwamba wala mkondo. Kijiji cha Tanzania kina ardhi ya kijiji mpaka ufukweni. Majini kina kamati. Lakini ukimuuliza mzee wa Kizimkazi, wa Jambiani au wa Faza, atakutajia bandari zilizo chini ya maji, yaani sehemu za kuvulia, kwa majina yake, nani walizivua, lini zilipumzishwa na kwa nini wageni wa dago, waliokuja kupiga kambi za uvuvi, walipaswa kupiga hodi kabla ya kushusha nyavu. Hiyo ni sheria. Haijaandikwa, na kama mahakama ya Afrika Kusini ilivyosema, kutoandikwa hakuifanyi isiwepo.

Swali la kuuza litakuja, na hapa kipimo cha Van der Peet kingefanya kichekesho pwani yetu. Mgawanyo wa sheria nyingi kati ya uvuvi wa kujikimu na uvuvi wa biashara unamwazia mtu anayevua kitoweo cha sufuria yake, akishiba anarudi kulala. Mtu huyo hajawahi kuishi kati ya Lamu na Kilwa. Miji ya Waswahili ilisimama juu ya biashara kwa zaidi ya miaka elfu moja. Papa mkavu na ng'onda vilisafirishwa bara na ng'ambo muda mrefu kabla Mreno wa kwanza hajaonekana. Anayevua pweza asubuhi huuza sehemu ili apate unga, mafuta ya taa na ada ya shule ya mtoto, na sehemu inayobaki ndiyo kitoweo. Kama kipimo ni desturi iliyokuwepo kabla ya Wazungu, basi kuuza samaki ndiyo desturi yenyewe, na mahakama ya hapa ikikiazima kipimo cha Kanada bila kufikiri itafika kwenye jibu lililo kinyume na lile la Ottawa.

Lamu iliwahi kuingia kwa mlango wa mbele. Mwaka 2012 wakazi walifungua shauri la kikatiba kupinga namna bandari mpya ilivyokuwa ikijengwa kama sehemu ya LAPSSET, mradi wa ukanda wa usafirishaji wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Hoja ya wavuvi ilikuwa rahisi kwa yeyote anayeijua pepo ya kusi: vyombo vyao vidogo haviwezi kwenda bahari kuu kipindi hicho, hivyo mikondo ya ndani, mikoko na mazalia ya samaki ndani ya ghuba ndivyo vinavyowalisha, na uchimbaji wa kina cha bandari ulikuwa unaviharibu. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba ushirikishwaji wa umma ulikuwa na kasoro, kwamba haki ya mazingira safi na haki za kitamaduni zimevunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyepewa faini. Walikuwa walalamikaji na walisikilizwa kama raia. Ni hukumu nzuri na nimeisifu mahali pengine. Lakini tuigawe fidia hiyo sawasawa: inafika chini kidogo ya shilingi 383,000 kwa mtu, na mvuvi aliyeambiwa ahamie maji ya kina kirefu haimnunulii chombo na mashine ya kumfikisha huko. Mahakama ilimpa bei ya bahari kwa sababu bahari yenyewe ilikuwa imekwisha kuchimbwa shauri likiendelea. Mlango wa mbele ukifunguliwa kwa kuchelewa, hutoa fedha.

Sheria ya kimataifa nayo si kiziwi kabisa kwa wavuvi wadogo, ingawa inasikia kwa kuchagua. Katika shauri la Eritrea na Yemeni juu ya visiwa vya Bahari ya Shamu, jopo la usuluhishi mwaka 1998 liliipa Yemeni mamlaka juu ya visiwa kadhaa, kisha likasema mamlaka hayo yanakuja pamoja na wajibu wa kuendeleza utaratibu wa uvuvi wa jadi, ili wavuvi wa pande zote mbili waendelee kuvua na kuuza kama walivyozoea. Jopo la shauri la Ufilipino dhidi ya China, mwaka 2016, lilikubali kwamba haki za wavuvi wa jadi zinaendelea kuishi ndani ya maji ya kitaifa yanayozunguka miamba ya Scarborough, katika Bahari ya Kusini ya China, lakini likasema kwamba katika ukanda wa kiuchumi haki hizo zilimezwa na Mkataba wa 1982. Kwa maneno mengine, ule ukanda ambao meli kubwa inapata kinga dhidi ya kifungo ndio ukanda ambao mvuvi wa jadi wa nchi jirani anapoteza haki yake. Majaji walisoma Mkataba kama ulivyoandikwa, na siwalaumu. Nawalaumu walioandika.

Ajabu ni kwamba sisi tuliandika vizuri zaidi kabla ya hapo. Katika barua za makubaliano ya mpaka wa bahari zilizobadilishana Tanzania na Kenya tarehe 17 Desemba 1975 na 9 Julai 1976, nchi hizi mbili zilikubali kwamba wavuvi wenyeji wa kila upande wanaovua kwa ajili ya kujikimu waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za kila upande wa mstari wa mpaka wa maji ya kitaifa, kwa mujibu wa kanuni zilizopo, na kwamba leseni na taratibu za kila nchi kwa wavuvi hao zitambuliwe na nyingine. Neno lililotumika ni wenyeji, na lilitumika na serikali zenyewe, zaidi ya miaka 30 kabla ya Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 juu ya haki za watu wa asili, ambalo Kenya ilijizuia kulipigia kura. Ni makubaliano mafupi, ya busara, yaliyotambua kwamba watu wa Vanga, Jasini na Pemba walikuwa wakivua maji yale yale kabla ya mstari. Hata hivyo, habari za wavuvi wa upande mmoja kukamatwa na doria ya upande wa pili si ngeni, na ni nadra kumsikia wakili akiyataja makubaliano hayo mbele ya hakimu. Haki iliyoandikwa na kusahauliwa kwenye jalada inamlazimu mvuvi aanze upya, kizimbani, kuthibitisha kile ambacho serikali yake ilikwisha kukiri.

Lazima niseme pia mahali ambapo hoja hii inakoma. Baruti si desturi ya mtu. Juya la kukokota lenye macho madogo, linalozoa vifaranga na kung'oa majani ya bahari, halitakaswi na umri wa anayelivuta. Mahakama iliyoamua kesi ya Sparrow iliweka uhifadhi mbele ya haki ya kuvua, na wazee wa pwani waliokuwa wakifunga mwamba ili pweza akue walifanya vivyo hivyo bila kusubiri jaji. Tatizo langu na kesi nyingi za uvuvi mdogo ni kwamba hati ya mashtaka haitofautishi kati ya mlipua baruti na mtu anayevua kwa mshipi mahali ambapo mstari wa hifadhi ulipita juu ya mwamba wa kijiji chake bila yeye kuulizwa. Wote wawili wanaitwa wavuvi haramu.

Kutofautisha kunawezekana, na mfano uko ndani ya sheria zetu wenyewe. Mwezi Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda wa kiuchumi wa Tanzania ikiwa na tani zaidi ya 290 za samaki, wengi wao jodari, ambao mitaani waliitwa samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Wawili kati ya washtakiwa walitiwa hatiani mwaka 2012 na kupewa adhabu nzito, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo wa kesi. Sababu ilikuwa ya utaratibu. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema kwamba mtu asiye raia hawezi kushtakiwa kwa kosa lililotendwa baharini ndani ya maili 200 kutoka pwani bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka na hati yake inayothibitisha kwamba inafaa kesi hiyo ifunguliwe. Watu wengi walikasirika, na wakaona nchi imeibiwa samaki na kuibiwa kesi. Mimi nilikisoma kifungu hicho kwa wivu. Kinamtaka ofisa mwandamizi wa serikali asimame kidogo kabla ya mashtaka, ajiulize kama kesi hii inastahili, na aweke jina lake chini ya jibu.

Mchokoa pweza wa Mafia hana kifungu cha namna hiyo. Anaweza kupewa. Inatosha sheria iseme kwamba mwanakijiji asishtakiwe kwa kuvua katika eneo ambalo jamii yake imelivua kwa desturi, kwa zana zisizoharibu, mpaka mwendesha mashtaka athibitishe kwa maandishi mambo mawili: kwamba jamii hiyo ilishirikishwa eneo lilipofungwa, na kwamba desturi yake ilizingatiwa. Mzigo wa historia ungehama kutoka kwa mshtakiwa kwenda kwa aliyechora mstari, na vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo leo hutumiwa zaidi kuripoti wakosaji, vingekuwa na kazi ya kuorodhesha miamba na majina yake kabla ya ugomvi kuzuka. Kwa wavuvi wa mpakani kazi imekwisha kufanywa nusu, kwa kuwa zile maili 12 za mwaka 1976 bado ziko kwenye barua zenye ridhaa ya serikali zote mbili, na hakuna kinachomzuia mkurugenzi wa mashtaka wa Dar es Salaam au wa Nairobi kuzipeleka kwa maofisa wake wa Tanga na Kwale kabla ya msimu ujao wa kaskazi.